Gari Bovu la Bosi: Riwaya Zetu na Kijana Asiye na Uzoefu

Ndugu msomaji, kabla sijagusa kitabu cha mtu, nianze na cha kwangu, asije mtu akasema, "Huyu naye mhakiki wa wapi, hata kitabu hana." Kweli sina. Nina kaunta buku nne zenye riwaya niliyoianza mwaka niliomaliza kidato cha nne hapa Bagamoyo. Mende wameshazitafuna pembeni, lakini zinasomeka.

Katika sura ya tatu ya riwaya hiyo, shujaa wangu amezunguka na bahasha miezi minane na kazi hakuna. Siku moja ya mvua anarudi kwa miguu, amefika Kerege, anakuta gari kubwa limenasa kwenye tope. Anavua viatu, anakunja suruali, anasukuma. Mwenye gari anashusha kioo, anampenda kwa adabu yake. Kumbe ni mkurugenzi! Sura ya nne inaanza shujaa akiwa nyuma ya meza, feni inapuliza, na katibu muhtasi anamletea chai.

Nilipoiandika nilijiona nimepatia. Nikaipeleka kijiweni, pale wanapoegesha bodaboda karibu na soko, nikawasomea washikaji kwa sauti. Walisikiliza vizuri mpaka gari lilipokwama. Hapo mmoja akaguna. Huyu nilisoma naye darasa moja. Cheti chake kiko chini ya godoro, na pikipiki anayoendesha ni ya mtu, jioni anapeleka hesabu. Akaniuliza: "Sasa mwandishi, hilo gari mimi litaniharibikia lini?"

Wakacheka wote, nami nikacheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kwamba nimemdanganya mtu niliyekuwa namwandikia.

Swali lake ndilo lililozaa makala haya. Nilirudi kwenye vitabu nilivyosoma, vya shule na vya kuazima, nikavipitia kwa jambo hilo moja tu: kijana asiye na uzoefu anaipataje kazi yake ya kwanza? Nimeona mengi ya kusifu. Hata hivyo hoja yangu ni hii: waandishi wetu wanamfikisha kijana mlangoni, halafu wanamwondoa upesi. Wengine wanamwondoa kwa bahati, wengine kwa jembe, wengine kwa kisu, wengine kwa kifo. Lakini pale mlangoni penyewe, kwenye benchi, ambapo sisi tumekaa miaka, hakuna anayekaa naye.

TANGAZO NALO LINA FANI NA MAUDHUI

Shuleni tulifundishwa kuchambua kazi kwa fani na maudhui. Basi tulichambue tangazo la kazi, maana ndiyo maandishi yanayosomwa sana na vijana kuliko riwaya yoyote. Zamani yalisomwa kwenye gazeti lililobandikwa dukani, leo yanasomwa kwenye simu. Mtindo wake haujabadilika.

Neno linalotawala ni "awe". Awe raia wa Tanzania. Awe na cheti cha kidato cha nne au zaidi. Awe na umri usiozidi miaka 25. Awe na uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa. Halafu linakuja lile lenyewe: awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu, au mitano. Piga hesabu mwenyewe. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na miaka 18 anatakiwa awe alianza kazi mapema, na huko alikoanza napo walitaka uzoefu. Mhusika anayetakiwa na tangazo ni mtu mwenye jana kabla ya kuzaliwa.

Nisieleweke vibaya. Zipo kazi ambazo uzoefu ni haki kuuliza. Mimi mwenyewe sipandi basi la kwenda Msata kama dereva anajifunzia kwangu, wala sitaki daktari wa kubahatisha. Lakini kupokea simu? Kupanga mafaili? Kuuza tiketi dirishani? Miaka mitatu ya uzoefu wa kufungua dirisha!

Nilipeleka maombi kwenye ofisi moja, sitaitaja. Dada wa mapokezi alikuwa na heshima zake, sina ugomvi naye.

"Karibu kaka."

"Ahsante dada. Nimeleta barua ya maombi."

"Una uzoefu wa miaka mingapi?"

"Sina bado. Ndiyo nataka nianze."

"Basi nenda kaupate kwanza, halafu uje."

"Nikaupate wapi, dada yangu?"

Akafikiri kidogo, kweli akafikiri. Akasema, "Huko kwingine."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. "Huko kwingine" hakuna anayekujua. Baadaye nikaambiwa kwamba njia ni kujitolea. Nikajitolea miezi minne mahali pengine, nauli yangu mwenyewe, mama akiuza mihogo ya kukaanga ili mimi nikafanye kazi bure. Nilipanga mafaili, nilichapa barua, nilitumwa chai na vocha. Mwisho nikaomba barua ya kuonyesha kwamba nimefanya kazi pale. Nikajibiwa kwamba mimi sikuajiriwa, kwa hiyo barua ya uzoefu hawawezi kunipa. Jamani! Hata Shaaban Robert alipobuni nchi ya Kusadikika, yenye watu wanaoshitakiwa kwa kusema kweli, hakufika huko.

Ndipo nikaelewa kwamba "uzoefu" katika tangazo mara nyingi ni tafsida. Tafsida, kama tulivyofundishwa, ni kulipamba neno ili lisiumize. Chini ya neno hilo lipo swali jingine: wewe nani anakujua? Mwenye mtu wa kumshika mkono anaingia bila uzoefu na kuupata humo ndani. Asiye na mtu anaambiwa hana uzoefu. Sisemi hivyo ndivyo ilivyo kila mahali. Nasema ndivyo sisi wa kwenye benchi tunavyolisoma, na usomaji wetu una ushahidi wa macho.

Na benchi lenyewe ni refu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita vijana kwenye usaili wa nafasi 70. Walijitokeza zaidi ya 10,000, ikabidi wafanyiwe kwenye Uwanja wa Taifa kule Dar es Salaam, wakakaa majukwaani kama watazamaji wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 130,000. Uwanja umejaa hadithi, ndugu zangu. Lakini nani ameandika riwaya ya kijana mmoja aliyekuwa jukwaani siku ile, aliyeazima viatu, akarudi kwao usiku na viatu vya watu?

NJIA NNE ZA KUMWONDOA MLANGONI

Njia ya kwanza ni bahati, gari bovu la bosi. Hii ni yangu mimi, na ni ya hadithi nyingi za vijarida. Ubaya wake si kwamba haiwezi kutokea. Ubaya wake ni kwamba inamwambia msomaji kuwa ukosefu wa kazi ni wa mtu mmoja mmoja, na dawa yake ni adabu na kusubiri mvua.

Njia ya pili ni jembe. Mfano wake mkubwa ni Utubora Mkulima wa Shaaban Robert. Utubora anaacha kazi ya mjini, anarudi kijijini Busutamu kulima, na huko ndiko anakopata utulivu wa moyo. Kitabu kina lugha tamu na kinaheshimu jasho, na hilo nalisifu. Ila angalia jambo moja: Utubora anaacha kazi. Anayo ya kuacha! Anakwenda shamba kwa kuchagua, na uchaguzi ndio unaompa heshima. Shaaban Robert mwenyewe alimaliza shule Dar es Salaam mwaka 1926 akiwa miongoni mwa vijana wachache sana wenye cheti, na mwaka huohuo akaanza ukarani wa forodha wa serikali. Kwa kizazi chake cheti kilikuwa kazi. Simlaumu kwa kutoliandika benchi, halikuwepo mbele yake kama lilivyo mbele yetu.

Tatizo lilikuja baadaye, pale "rudi shamba" ilipogeuka jibu la kila swali. Mwaka 1983 ikawa amri kabisa. Chini ya Sheria ya Nguvukazi watu wa mijini walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini na mashambani. Wazee wa hapa bado wanalitamka neno "nguvukazi" kwa namna yake, wakicheka bila furaha. Kijana anayepelekwa shamba kwa lori si Utubora, hata jembe likiwa lilelile. Mwandishi wa leo akimaliza riwaya yake kwa kumrudisha shujaa kijijini, ajiulize kwanza kama shujaa ana shamba. Sisi wa pwani hii tunajua namna viwanja vya Zinga na Mapinga vilivyouzwa, vikauzwa tena, mpaka mjukuu anapita nje ya ukuta na kuambiwa hapa palikuwa na mikorosho ya babu yako.

Njia ya tatu ni kisu. Hapa nina kitabu kimoja ninachokiheshimu kuliko vyote katika mada hii, nacho hakikuandikwa kwa Kiswahili. Ni Kill Me Quick cha Meja Mwangi wa Kenya, kilichotoka mwaka 1973. Nilikisoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kamusi pembeni. Vijana wawili, Meja na Maina, wamemaliza shule, wana vyeti, wamekuja Nairobi kutafuta kazi ili waokoe nyumba zao. Hawapati. Wanaishi vichochoroni, wanakula vya mapipa, wanapata kibarua cha shamba kwa mzungu kinachowanyonya, na mwisho mambo yao yanaishia kwenye wizi na jela.

Kufaulu kwa mwandishi huyu ni kwamba hakuona haya. Njaa yake ina harufu. Tena anajua aibu ya kijana ambaye hawezi kurudi kwao mikono mitupu, kwa kuwa mbuzi na mashamba ya nyumbani yalikwenda kwenye ada yake. Nilipofika sehemu za aibu hiyo nilifunga kitabu nikamtazama mama yangu akimenya mihogo, nikashindwa kuendelea siku hiyo. Kama kuna mtu anayesema fasihi haina kazi, nimwonyeshe siku hiyo.

Lakini hata humo, kutafuta kazi kwenyewe kunapita upesi. Mwandishi ana haraka tufike uchochoroni. Sikuona vya kutosha yale maongezi ya mapokezi, ile barua iliyoandikwa mara kumi, lile tumaini la kijinga linalorudi kila Jumatatu asubuhi. Na mwisho wa kisu una hatari yake. Kwa kila kijana mmoja wa mtaani kwangu aliyeingia kwenye wizi, nawajua ishirini ambao hawakuingia. Wanabeba samaki pale ufukweni wakati wa mnada, wanachimba chumvi, wanafyatua matofali. Hao ishirini hawana riwaya, kwa sababu maisha yao hayana kishindo.

Njia ya nne ni kifo. Namtaja Kezilahabi kwa unyenyekevu, maana kama si Kichwamaji (1974) mimi nisingetamani kuandika. Mwanzo wa kitabu kile ndiyo mandhari bora ya mlangoni niliyoisoma katika Kiswahili. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amekwenda ofisini kwa Manase, Mkuu wa Wilaya, rafiki yake wa tangu utotoni, kuomba kazi ya muda ya likizo. Anayeomba na anayeombwa walicheza pamoja, sasa kuna meza katikati. Yote ninayosema juu ya "nani anakujua" yamo, na yamepinduliwa, kwani hapa kujuana ndiko kunakoleta fedheha. Kujuana kumekufa na cheo kimebaki.

Lakini Kazimoto haombi kazi ya kwanza ya maisha. Ni msomi wa enzi ambayo mhitimu wa chuo kikuu alijua serikali itampangia kazi. Mlango wa Manase unamuumiza nafsi, haumnyimi ugali. Kwa hiyo mwandishi anauacha mlango huo na kuzama kwenye maswali ya maisha na kifo, na tunajua Kazimoto alivyojimaliza. Ni haki ya mtunzi. Ila walioiga Kezilahabi, na mimi nimo, tumeiga kile kifo tukaliacha lile benchi la mwanzo. Kifo ni rahisi kuandika. Unaweka kamba, msomaji analia, sura imekwisha. Ugumu uko kwa mtu anayeamka kesho yake na kupiga pasi shati lilelile.

Msomaji ataniuliza: na Kuli cha Adam Shafi je? Ni swali zuri. Kuli (1979) ni riwaya ya kazi hasa. Rashidi anaingia bandarini Unguja kwa sababu baba yake alikuwa kuli na amekufa, na kitabu kinatufikisha kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Hapa kuna jambo la kujifunza. Rashidi hakuulizwa uzoefu. Mgongo wake ulitosha, na jina la baba yake lilimtambulisha. Ndani ya kazi alijifunza kubeba, na baadaye akajifunza jambo kubwa zaidi, kwamba hayuko peke yake. Adam Shafi anajua kukaa na mtu mahali pamoja. Hata katika Mbali na Nyumbani (2013), anaposimulia alivyotoka Unguja akiwa kijana kutafuta elimu ng'ambo, akipita Kenya, Uganda na Sudan, hana haraka. Anatuhesabia safari kituo kwa kituo, vikwazo na wafadhili wa njiani. Hiyo ndiyo fani ninayoitaka kwa mtafuta kazi: kituo kwa kituo, bila kuruka.

WASIFU ULIKUWA WA NANI

Kuna neno linanichekesha na kuniuma. Wasifu. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, na sote tuliousoma tunajua uzito wake: binti wa Fumba aliyeuza vyungu, akaingia mjini, akafundishwa na wanamuziki, mpaka sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Wasifu ulikuwa maelezo ya maisha ya mtu aliyekwisha kutenda, na yaliandikwa na mwingine aliyemwona.

Leo kijana wa miaka 19 anaambiwa alete wasifu wake, ukurasa mmoja au miwili. Atauandika mwenyewe, na hana la kuandika, kwa hiyo anatunga. Anaandika kwamba anapenda kufanya kazi kwa bidii, anajituma, anasoma vitabu na kutazama mpira. Nimewaandikia washikaji wangu wasifu kama huo, sijui mara ngapi, wakinilipa soda. Naweza kusema bila majigambo kwamba hizo ndizo hadithi zangu zilizosomwa na watu wakubwa, kama walizisoma. Na wahusika wake wote walikuwa bapa!

Tazama tofauti. Katika wasifu wa Siti tunaonyeshwa nani alimfungulia mlango: sauti yake ilisikika akitembeza vyungu, wakatokea watu wa kumfundisha, akaimba mbele za watu, akajulikana. Mwanzo umeandikwa. Katika wasifu wa leo mwanzo hauruhusiwi. Ukiandika "naanza", umejikosesha kazi.

MJI ULIOJUA KUPOKEA MGENI WA KAZI

Msomaji wa mbali huenda anaijua Bagamoyo kwa magofu ya Kaole na kwa chuo cha sanaa. Lakini karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na wapagazi waliingia hapa kwa maelfu kila mwaka, wengi Wanyamwezi, na pembe mabegani. Sitaki kuipamba biashara hiyo. Ilikuwa na vifo vya njiani, na utumwa ulipita njia hiyohiyo. Lakini kuhusu upagazi wenyewe, watu wa Unyamwezi waliuhesabu kuwa kazi, na kijana aliianza kwa mpango. Vijana wadogo waliofuata msafara walibeba mikeka na vyungu vya wakubwa, pembe wakaziona tu. Waliporudi walikuwa wameijua njia. Hakuna aliyewaambia wakajifunze kwanza njia "huko kwingine" ndipo waje kuipita.

Hata leo ufukweni ni hivyohivyo. Mwaka jana, nilipochoka na bahasha, mjomba alinichukua kwenye mashua yake. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mjomba, mimi baharini sijui kitu." Akanijibu, "Ungejua ningekuchukua wa nini, mjomba? Kaa hapo, chota maji yanayoingia." Nikachota. Nilitapika mpaka nyongo, wakacheka, wakanipa tangawizi. Mwezi wa pili nikashika nyavu. Sikuipenda kazi ile na sitaki kudanganya kwamba bahari ndiyo jibu la kila kijana, samaki wenyewe hawatutoshi. Lakini pale niliona uanagenzi kwa macho: kazi nyepesi kwanza, pembeni ya mwenye kujua, na sehemu ndogo ya mgao tangu siku ya kwanza. Hilo la mgao nalisisitiza. Mjomba hakuniambia nijitolee.

Ajabu ni kwamba fasihi yetu ya nathari ina mizizi hapahapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ni mmoja wa waliotoa habari zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901), na mchango wake ni mkubwa zaidi katika Desturi za Wasuaheli (1903). Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Wakubwa wa Kijerumani wana makosa yao katika mambo hayo, lakini mimi navutwa na namna wale Waswahili walivyosimulia: tulitoka hapa, tukafika pale, tukalipa hiki, tukakatazwa kile. Hawaruki. Kila geti lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana jina na bei. Mtoro angepewa habari ya kutafuta kazi ya leo, angetuandikia kila mlango, aliyekaa mlangoni, alichosema, na kilichotakiwa ili mtu apite. Tungekuwa na ramani.

Sisi tunaandika nini? Sisi vijana wa hapa tumekulia ndani ya tangazo moja kubwa la kazi, nalo ni bandari. Machi 2013, mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo ulipotiwa saini, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Walimu walituambia someni, bandari inakuja. Oktoba 2015 likawekwa jiwe la msingi. Mwaka 2019 mradi ukasimamishwa, na mwaka 2021 ikasemwa kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Kaka zetu walisoma kozi kwa ajili ya bandari hiyo. Wengine sasa wana ndevu. Hiyo nayo ni riwaya ya kungoja, tena ya mji mzima, na bado haijaandikwa.

NINALOWAOMBA WENZANGU

Mtu anaweza kunipinga, na kijiweni wamenipinga: riwaya ya mtu aliyekaa kwenye benchi itamchosha msomaji. Nani anunue kitabu ambacho hakuna kinachotokea? Najibu kwamba kwenye benchi yanatokea mengi. Kuna uongo wa kumwambia mama "wamesema watanipigia". Kuna kumwonea wivu rafiki aliyepata na kumpongeza kwa mkono wa baridi. Kuna binti anayeulizwa na msaili mambo yasiyohusu kazi, akatoka bila kumwambia mtu. Kuna kujipunguza: ulianza ukitaka ukarani, ukataka ulinzi, sasa unataka chochote. Kama mtunzi hawezi kuona matukio hapo, tatizo si la benchi.

Wa pili alisema, "Hata ukiandika, kazi hazitaongezeka." Ni kweli. Lakini aliyekaa mlangoni miaka mitatu anaamini kwamba yeye ndiye mjinga peke yake, kwa kuwa kila kitabu alichosoma kinamwonyesha mwenye bidii akipita. Akisoma mlango ulivyo, atajua kwamba amenyimwa mwanzo, na kwamba hakuzaliwa na kasoro. Akilijua hilo ataacha kujichukia, na pengine ataanza kuuliza maswali kwa sauti, pamoja na wenzake, kama kina Rashidi wa Kuli.

Nami mwenyewe niko kwenye benchi mara mbili. Nilipopeleka madaftari yangu kwa mchapishaji mmoja, swali la kwanza lilikuwa umeshachapisha vitabu gani. Nikasema sijachapisha, ndiyo nataka nianze. Mnajua nilichojibiwa. Ndiyo maana nayashukuru majarida madogo kama hili, yanayompokea mtu na kaunta buku lake, yakamwambia kaa hapo, chota maji.

Sura ya tatu nimeichana. Shujaa wangu sasa anafika Kerege, mvua inanyesha, gari limenasa, anasukuma, mwenye gari anamshukuru, anamrushia tope na kuondoka. Shujaa anavaa viatu, anaendelea kutembea kuelekea nyumbani. Sura ya nne inaanza Jumatatu, mama amewasha mkaa, na shati linapigwa pasi. Sijui bado kitakachofuata. Nimeshaisoma kijiweni, na safari hii yule bwana wa bodaboda hakucheka. Alisema tu, "Endelea." Kisha akapata abiria wa Magomeni, akaondoka.